Shamba Lililofagiliwa Kama Uwanja

Leonardi wa Bangwe hakuwa mtu wa maneno. Waliomfahamu tangu ujana wake, alipokuwa akipakia mizigo bandarini Kigoma, walikuwa wakisema ukitaka kumsikia Leonardi akizungumza, mkanyage kidole cha mguu. Maneno ya nyumba ile aliyasema mkewe, Verediana, na aliyasema ya wote wawili. Verediana alipofariki, mwezi wa nne, masika yakiishia, nyumba ikanyamaza.

Walikuwa na shamba moja, halifiki ekari, mteremkoni nyuma ya nyumba, ziwa likionekana chini. Shamba lilikuwa la Verediana. Leonardi alilima pale alipoonyeshwa. Mle ndani vitu vilikuwa vimechanganyika: muhogo, mahindi, maharage yamepanda juu ya mahindi, boga linatambaa chini, na michikichi mitatu ya zamani pembeni. Mpita njia angesema ni pori. Verediana aliambiwa hivyo mara nyingi. Alikuwa akijibu, "Pori gani linalolisha watu?"

Maharage yale yalikuwa ya kwao. Mbegu ilitoka kwa mama yake, Kasulu, naye mama aliipata kwa mama yake. Nyeusi, za njano, nyingine zina madoa kama yai la ndege, zote katika kibuyu kimoja. Zinapandwa hivyo hivyo kwa pamoja na kupikwa hivyo hivyo. Sokoni huzipati. Na mbegu ile haikutoka nje ya ukoo, hata kwa jirani mwema.

Sasa, katika ukoo huo palikuwa na jambo lao. Mwanamke akifa, shamba lake halipandwi mpaka mwaka utimie. Linapumzika naye. Mwezi wa sita shemeji yake Leonardi, Dismasi, alikuja kutoka Kasulu na watu sita wenye majembe. Wakavuna maharage ya mwisho ya marehemu, wakajaza vibuyu viwili vya mbegu, wakamkabidhi mgane. Kisha wakang'oa muhogo, wakakata mabua, wakachoma, wakalima kwa kina mpaka udongo mwekundu wa chini ukaja juu. Walifanya kwa mapenzi. Walikula, wakasali, wakaondoka.

Jadi ilisema shamba lipumzike. Haikusema lifagiliwe. Kule Kasulu shamba la marehemu huota majani na mbuzi wakaingia, hakuna anayejali. Kufagia kulitoka kwa Leonardi mwenyewe. Kila Jumamosi aliingia na jembe, akapalilia kila kijani kilichochomoza, kisha akapita na ufagio wa chelewa. Mvua za mwezi wa kumi zikaja, majirani wakapanda, yeye akapalilia. Mwaka ulipotimia, watu wakala chakula cha kumaliza msiba, naye akaendelea kupalilia, maana msimu wa kupanda ulikuwa bado mbali na mikono ilishazoea. Watu wa jumuiya wakipita na kuona shamba jeupe kama uwanja wa kanisa walitikisa vichwa. "Huyu ndiye mume," walisema. "Mke amekufa, lakini angalia anavyomtunzia."

Leonardi alisikia, na ilimpendeza. Hakumwambia mtu kwamba asipopalilia hakujua afanye nini siku ya Jumamosi.

Mvua za mwezi wa kumi na moja akapanda. Alifanya kama alivyoona miaka arobaini: hindi, haragwe, kipande cha muhogo, vyote jirani kwa jirani. Alimaliza kibuyu kimoja.

Vikaota. Halafu vikasimama. Mahindi yalifika kwenye kifundo cha mguu, majani yakawa ya zambarau kama yamechomwa na baridi. Maharage yakawa manjano, yakatoa maua machache, yakaacha. Muhogo ulitoa majani mawili matatu ukakaa unamtazama. Shamba la jirani, mvua ile ile na mteremko ule ule, mahindi yalikuwa kifuani.

Dismasi akaja kuona. "Mwakeye, muramu," alisema, akimsalimu kwa Kiha, na muramu ndiyo shemeji. Akazunguka shamba lote, mikono nyuma. Akasema, "Marehemu amekasirika."

"Amekasirika nini?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyelala naye nyumba moja."

Leonardi akachukua ungo, akaingia shambani. Alivuna maganda yaliyojaa viganja viwili, nusu yake yamesinyaa. Katika nyumba kilibaki kibuyu kimoja. Mbegu za kibuyu hicho zilivunwa mwezi wa sita wa mwaka ule alipokufa Verediana, na sasa ulikuwa unaingia mwezi wa pili, mwaka wa tatu. Mwezi wa pili kule hupandwa maharage ya mara ya pili.

Kata ilikuwa na bibi shamba mpya, Recho, binti wa Singida, akiishi Gungu na kutembea na pikipiki ya kazi. Alikuwa amekuja kuangalia michikichi ya watu. Akapita pale, akasimamisha pikipiki, akaangalia lile shamba bila kushuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Hapa palikuwa na nini?"

"Shamba."

"Naona. Nauliza kabla ya hapo. Palikuwa na barabara? Palikuwa na nyumba ikavunjwa?"

"Palikuwa na shamba," alisema Leonardi. "La mke wangu."

Recho akashuka. Aling'oa bua moja la hindi lililosinyaa. Udongo ulidondoka wote kama mchanga wa ziwani, mizizi ikabaki mitupu, safi, kama imeoshwa. Akaenda mpakani, akaomba ruhusa kwa jirani, akang'oa moja la kule. Mizizi ile ilikuja na udongo wake, umeshikana, hauanguki hata ukitikisa. Akamwekea mzee yote mawili mkononi.

"Kuna viumbe udongoni, Mzee. Kuvu."

"Kuvu ninawajua. Wanaozesha mahindi ghalani."

"Hao ni wengine. Hata watu, wapo wezi na wapo wakunga."

Leonardi akamtazama. Binti alikuwa na ulimi kidogo.

"Hawa," akaendelea Recho, "ni nyuzi. Nyembamba kuliko utando wa buibui, kwa macho huzioni. Zinaingia kwenye mzizi, nusu ndani, nusu nje. Mzizi wa hindi unaishia hapa. Uzi unakwenda mpaka pale, kwenye vijitundu ambavyo mzizi hauingii, unaleta chakula, hasa kile ambacho kikikosekana majani yanakuwa zambarau. Mmea nao unampa kuvu sukari. Hakuna anayemdai mwenzake. Na uzi haumbagui mtu. Umeshika muhogo, unaendelea unashika haragwe, unaendelea unashika hindi. Ndiyo maana zamani watu walichanganya na vikakubali. Mbolea ya maharage tunaisifia, lakini haragwe lenyewe likikosa nyuzi hizi halina nguvu ya kuitengeneza hiyo mbolea. Muhogo ndiyo kabisa. Mizizi yake ni minene, haina vinyweleo vya kutosha. Bila kuvu muhogo ni ombaomba."

"Sasa walikwenda wapi?"

"Wanaishi kwenye mizizi iliyo hai. Hapa pamekaa muda gani bila mmea?"

Leonardi akahesabu kimoyomoyo. "Tangu mwezi wa sita mwaka juzi mpaka mwezi wa kumi na moja mwaka jana."

"Hata majani? Hata magugu?"

"Nilikuwa nafagia."

Recho akachuchumaa, akaugusa udongo. Alikuwa amesikia mengi katika kazi yake, hilo hakuwahi kulisikia.

"Mwaka na miezi mitano," alisema mwishowe. "Na kabla ya hapo palichomwa na kulimwa kwa kina. Wamekufa njaa, Mzee."

"Mimi ndiye niliyewaua."

"Hukujua."

"Sikukuuliza kama nilijua."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Recho akamimina mbegu chache kiganjani, akaziangalia, akauma moja. Aliuliza ni za lini. Alipoambiwa, akatikisa kichwa.

"Panda mwezi huu. Mwakani hazitaota, au itaota moja katika kumi. Kuna mahali pengine pa kuzipata?"

"Kwa shemeji yangu panya walimaliza. Hakuna."

"Na ukizipanda hapa kama palivyo, utapata kama ulivyopata."

"Hao kuvu hawarudi?"

"Wanarudi wenyewe, polepole. Misimu mitatu, minne. Mbolea ya dukani itasukuma mahindi, lakini ukiizidisha wao ndiyo hawana haja ya kurudi. Njia ya haraka ni moja. Tafuta shamba lililo hai, muhogo na mahindi pamoja, halijapigwa dawa, halijalimwa kwa kina. Omba udongo wake wa juu, ule wenye vimizizi. Weka kiganja kimoja kila shimo, mbegu juu yake."

Leonardi akakaa juu ya jiwe. "Binti, huku mtu haendi kuchota udongo wa shamba la mtu."

"Kwa nini?"

"Anayechota udongo wa shamba lako amechukua shamba. Analiacha ganda."

"Mzee, hayo ni..."

"Najua ni nini. Nakuambia watu watasemaje."

Recho akapanda pikipiki yake. Alisema shamba la mfano la ofisi lingefaa, ila lilipigwa dawa ya magugu mwezi uliopita. Akasema atapita baada ya wiki mbili.

Leonardi hakungoja. Alimfuata jirani wa upande wa juu. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Mzee Leonardi, lako limekufa, sasa unataka na langu lifuate?" Akafunga mlango wa miti. Wa upande wa chini alikuwa ameshapanda kabichi tupu. Wengine Bangwe walikuwa wamejenga nyumba. Akabaki mtu mmoja aliyemjua kuwa na muhogo na mahindi mahali pamoja, na huyo ndiye mtu ambaye hakutaka kumwona.

Huyo ni Saumu wa Ujiji. Muuza dagaa na mawese, mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Yeye na Verediana walijuana sokoni. Miaka tisa nyuma shamba la Saumu, mchanga mtupu karibu na ziwa, lilikuwa linakataa muhogo. Verediana akajaza kikapu udongo wa shamba lake, akakitia kichwani, akaenda nacho Ujiji kwa miguu. Mbegu hakutoa. Udongo alitoa. Leonardi aliporudi kutoka bandarini na kuambiwa, alikasirika siku mbili bila kusema neno, kitu ambacho kwake hakikuonekana tofauti na kawaida.

Saumu akapata muhogo. Akaongeza mahindi, akaongeza njugu. Halafu Verediana akaanza kuumwa. Leonardi akaunganisha mambo. Siku moja, katikati ya soko, Saumu alipomuuliza hali ya mgonjwa, alisema kwa sauti ambayo watu hawakujua kama anayo: "Ulianza na udongo wake, sasa unamalizia na mwenyewe." Soko lote likageuka. Mazishini Saumu hakuja. Alijua akija macho yote yatakuwa kwake na si kwa marehemu.

Basi Leonardi akavaa koti, akaenda Ujiji. Alichagua saa nne asubuhi, kila mtu akiwa nje.

"Hodi."

"Nani?"

"Leonardi."

Ndani sufuria ikatuliwa chini. Halafu sauti ikasema, "Leonardi yupi? Ninayemjua mimi anaogopa hata moshi wa jiko langu."

"Ndiye huyo."

Saumu akatoka, khanga begani, mikono ina mafuta ya mawese. Hakumkaribisha kiti. Leonardi hakujua kuzunguka, akasema moja kwa moja. "Nimekuja kuomba udongo."

Saumu alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Sefu!" aliita. "Sefu we! Njoo usikie! Leo mchawi ameombwa vifaa vyake!"

Sefu, jirani, mzee anayeshona mapazia, akatoka na sindano mdomoni. Akamsalimia Leonardi kwa adabu, akakaa chini kama mtu aliyekuja kwenye arusi.

"Eleza," alisema Saumu. "Mbele ya Sefu."

Leonardi akaeleza. Alieleza kufagia, mahindi ya zambarau, mbegu zilizobaki kibuyu kimoja, maneno ya bibi shamba. Aliposema nyuzi, Sefu alitoa sindano mdomoni akaitazama, akairudisha. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi Leonardi kusema mahali pamoja, na alipomaliza koo lilikuwa limekauka. Saumu akamletea maji. Hakuwa anacheka tena.

"Wewe ulifagia shamba la Vere?"

"Kila Jumamosi."

"Lote?"

"Lote."

"Mungu wangu. Mwanamke aliyekuwa anamkaripia kuku akiparua." Akakaa. "Udongo upo, Mzee. Udongo si wangu hata. Lakini yale maneno uliyasemea wapi?"

"Sokoni."

"Ndani ya banda au nje?"

"Katikati."

"Sauti gani?"

"Kubwa."

"Basi mimi sitaki samahani ya barazani. Ya barazani nitamwambia nani? Mimi nauza chakula, Mzee Leonardi. Mwaka mzima wapo waliokuwa wananunua dagaa kwangu halafu wanawamwagia kuku. Twende."

Wakaenda, Saumu mbele, Leonardi nyuma, Sefu wa mwisho na pazia lake begani. Wanawake wa dagaa walikuwa wamepanga mafungu yao. Karibu nao mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Leonardi akasimama pale pale aliposimama siku ile.

"Nilimwita huyu mama mchawi," alisema. "Ilikuwa uongo."

"Sema tena, babu!" akapaza sauti mama mmoja wa nyuma. "Mashine inakula maneno!"

"Zima mashine kwanza!" akasema mwingine. "Habari kama hii haipiti kila siku!"

Mashine ikazimwa. Leonardi akavua kofia, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Nilisema Saumu amemuua mke wangu. Mke wangu aliumwa figo. Daktari aliniambia wiki mbili kabla ya siku ile. Nilikuwa najua, nikasema hivyo hivyo."

Hapo hakuna aliyetania. Saumu mwenyewe hakuwa anajua hilo la wiki mbili. Kisha akasema, "Washa mashine, watu wana kazi," akageuka kurudi nyumbani.

Shambani kwake alichimba mwenyewe, kwa jembe dogo, kati ya muhogo na mashina ya mahindi, udongo wa juu tu, kina cha kiganja. Mchanga wa Ujiji ni mweupe, ila pale ulikuwa umeshikana vidonge vidonge, una vimizizi ndani. Akajaza kikapu kimoja. Akafunika kwa jani bichi la mgomba, jua lisiupige.

"Nitaita bodaboda," alisema Leonardi.

"Hutaita. Ukipita na bodaboda watu watasema babu kabeba mzigo, hawajui mzigo gani. Halafu wiki ijayo mtu atasema nimekupa kitu kwa siri. Kitie kichwani, pita barabara kubwa, mchana huu huu. Atakayeuliza, mwambie."

"Nina miaka sabini na moja, mama."

"Vere alikuwa na sitini, tena kilima kile cha kwenu alikipita na kikapu chake akiimba."

Akakitia kichwani. Mtu aliyepakia mizigo bandarini miaka thelathini hasahau kubeba, ila alikuwa amezoea bega. Shingo ililalamika kabla hajatoka Ujiji. Waliouliza aliwajibu. Dereva mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo akaenda naye sambamba. "Babu, unahama na kiwanja?"

"Kipande."

"Na hati unayo?"

"Mwenye nacho anaitwa Saumu. Kamuulize."

Yule akacheka akaondoka. Leonardi alipumzika mara nne. Mara zote nne aliinua jani la mgomba akagusa udongo kama bado una unyevu, na mara zote ulikuwa nao. Alifika Bangwe alasiri.

Kesho yake akapanda. Hakulima. Alifungua mashimo tu. Kiganja cha udongo wa Ujiji, mahindi mawili, maharage matatu pembeni, afunike. Kila baada ya mashimo manne, kipande cha muhogo, nacho kwa kiganja chake. Recho alipita akamkuta shimo la themanini. Alifurahi, akashauri aache mistari miwili bila udongo ule, waone tofauti.

"Tofauti nimeshaiona mwaka huu," alisema Leonardi. "Sina mbegu za kuonyesha watu."

Kikapu kiliishia shimo la mia na arobaini na tatu. Mbegu zilibaki kama kumi na tano. Alisimama nazo. Angeweza kuzirudisha kibuyuni. Alijua hazitafika mwakani. Akaenda kwenye kikapu, akakung'uta mavumbi yaliyonasa kwenye nyufa, akagawa kwa mashimo matano zaidi, akamaliza mbegu zote. Kibuyu kikawa kitupu kwa mara ya kwanza tangu Verediana aolewe.

Siku zilizofuata hazikuwa na habari ya kusimulia. Mvua ilikata siku tisa, ikarudi. Zile mbegu za zamani, karibu theluthi moja hazikuota kabisa. Zilizoota, Leonardi alizitembelea asubuhi na jioni. Magugu yalipoanza, jembe lilimwasha mkononi, akampigia Recho simu kumuuliza kama ayaache. Akaambiwa ang'oe yanayosonga mmea, mengine akate juu, mizizi aiache udongoni. Alikata kwa kisu, akichagua, kama anayenyoa mtoto. Ilimchukua Jumamosi nzima, na ya pili yake pia.

Wiki ya tano mahindi yalipita goti yakiwa kijani. Si yote. Yale mashimo matano ya mwisho yalibaki nyuma, na upande wa juu, moto wa kuchoma mabua ulipowaka sana, yalidumaa. Lakini kwingine maharage yalishika mabua yakapanda, na yakatoa maua meupe na ya zambarau, ua lenye haki ya kuwa zambarau. Recho alikuja, akainama ang'oe shina moja atazame mizizi.

"Weka mkono," alisema Leonardi.

"Moja tu, Mzee."

"Ng'oa la jirani. Alikuwa mkali kwangu, nawe kawe mkali kwake."

Mwezi wa sita akavuna. Alianika ubaoni, akapiga kwa fimbo, akapepeta vibaya, maana kupepeta hakukuwa kazi yake. Yalijaa debe, pungufu ya vidole vinne. Nyeusi zilikuwapo, za njano zilikuwapo. Za madoa zilikuwa chache, akazitafuta moja moja katika ungo mpaka akahesabu mia mbili na kitu, akapoteza hesabu, akaacha. Zilitosha.

Dismasi alikuja akaona. Akasema marehemu ametulia. Leonardi alimwacha na lake. Ila Dismasi alipoona Leonardi anajaza vibuyu vitatu na si viwili, akauliza cha tatu ni cha nani.

"Cha Saumu."

"Yule wa Ujiji? Muramu, mbegu hii haitoki nje. Unajua."

"Najua."

"Mama hakumpa hata mke wa kaka yangu."

"Kwako panya wamekula. Kwangu ilikaribia kufia kibuyuni. Nyie mnaitunzia wapi?"

Dismasi akachukua kimoja cha vile vibuyu. Alikasirika, hilo lilionekana. Aliondoka na kibuyu chake bila kungoja chai, na mpaka leo akimpigia simu huongea kifupi. Leonardi hilo halimsumbui sana, simu fupi ndizo anazozipenda.

Jumamosi akaenda Ujiji, safari hii kwa bodaboda. Saumu hakuwapo. Alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie, ng'ambo ya pili, na mawese, asingerudi kabla ya wiki. Zuleha, bintiye, alitandika mkeka, akataka kuleta uji. Leonardi akakataa. Akampa kibuyu.

"Mwambie mama yako apande mvua za kwanza zikishika. Yote kwa mara moja, yasilale. Achanganye na muhogo."

"Nimwambie yametoka kwa nani, babu?"

"Atayajua."

Zuleha akafungua kizibo, akatazama ndani, akauliza kama yanaiva haraka. Leonardi alifikiri. Miaka arobaini aliyakuta mezani yameiva.

"Sijui," alisema. "Yaloweke."

Akaaga, akatembea mpaka kituo cha pikipiki.